Mstari wa Kuanzishia Quake III Arena: Namna Injini Inavyousoma na Namna ya Kuuandika

Quake III Arena ni mchezo wa mapigano ambao mchezaji huuona kwa macho ya mpiganaji mwenyewe. Ulitolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwezi Desemba 1999, na umedumu hadi leo kwa sababu mwaka 2005 kampuni hiyo iliiweka wazi misimbo ya injini yake, yaani programu inayouendesha mchezo, chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuirekebisha. Kutokana na misimbo hiyo ulizaliwa mradi wa ioquake3, ambao huirekebisha injini ili ifanye kazi katika kompyuta za sasa, pamoja na OpenArena, mchezo wa bure wenye picha, sauti na ramani zake wenyewe kwa yeyote asiye na nakala ya Quake III aliyoinunua. Mwongozo huu unafuata ioquake3, lakini karibu kila kitu kilichomo kinafaa kwa OpenArena pia, ilimradi msomaji akumbuke kwamba folda kuu ya Quake III inaitwa baseq3 na ile ya OpenArena inaitwa baseoa.

Mstari wa kuanzishia ni maagizo yanayoandikwa baada ya jina la programu ili injini iyasome inapoanza. Wachezaji wengi hupewa na wenzao mstari mrefu wa aina hiyo wa kubandika kwenye njia ya mkato (shortcut), yaani ikoni ya kuufungulia mchezo, wakaubandika, wakaona nusu yake inafanya kazi na nusu haifanyi, wasijue sababu. Sababu karibu kila mara ni moja: injini huusoma mstari huo kwa awamu, na kila neno lina awamu yake. Anayezifahamu awamu hizo hana haja ya kukariri orodha ya mtu, kwa kuwa ataweza kuuandika mstari wake mwenyewe na kuurekebisha pale unapokwama.

Mahali pa kuuandika

Kwenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya njia ya mkato ya mchezo, chagua Properties, kisha nenda kwenye kisanduku kilichoandikwa Target. Humo tayari kuna anwani ya programu. Usiifute, weka nafasi moja baada yake, kisha andika maagizo yako. Kama anwani imefungwa ndani ya alama za kunukuu, maagizo hukaa nje ya alama hizo:

"C:\Michezo\Quake3\ioquake3.x86_64.exe" +set r_mode -2 +set r_fullscreen 1

Kisanduku hicho hakipokei zaidi ya herufi 260 hivi, kwa hiyo mstari ukirefuka ni afadhali kuuandika kwenye faili la maandishi lenye mwisho wa .bat na kulibofya hilo badala ya njia ya mkato. Kwenye Linux, ingia kwenye folda ya mchezo kupitia terminali na uandike:

./ioquake3.x86_64 +set r_mode -2 +set r_fullscreen 1

Kwenye macOS, amri ya open hupokea maagizo ya programu baada ya neno --args:

open -a ioquake3 --args +set r_mode -2

Sarufi ya mstari

Kila agizo huanza na alama ya kujumlisha, na linaendelea hadi alama nyingine ya kujumlisha itakapotokea. Alama hiyo ndiyo mpaka pekee ambao injini inautambua. Hakuna koma wala nukta mkato. Baada yake hufuata amri yoyote ambayo ungeweza kuiandika kwenye konsoli ya mchezo, yaani ule ukurasa mweusi unaoshuka unapobonyeza kitufe kilicho chini ya Esc. Kwa maneno mengine, +map q3dm17 kwenye mstari wa kuanzishia na map q3dm17 kwenye konsoli ni kitu kimoja kilichosemwa kwa nyakati mbili tofauti.

Wanaotoka kwenye Half-Life au Counter-Strike wamezoea maagizo yanayoanza na kistari, kama -console au -novid. Hayo ni ya injini za Valve, na Quake III haiyajui. Kistari utakachokiona kwenye mstari wa Quake III, kama kile cha r_mode -1, ni alama ya namba hasi tu. Tahadhari nyingine ni kwamba maagizo yasizidi thelathini hivi, kwa sababu injini imetengewa nafasi 32 za kuyahifadhi, na kwamba jina la folda lisiwe na alama ya kujumlisha ndani yake, lisije likadhaniwa kuwa mwanzo wa agizo jipya.

Awamu za usomaji

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na naomba msomaji asipaharakishe.

Mchezo unapoanza, jambo la kwanza kabisa injini inalofanya ni kuukata mstari wako vipande vipande kwa kufuata alama za kujumlisha. Kisha huvipitia vipande hivyo na kuchukua vile tu vinavyoanza na neno set, ikaweka thamani zake. Wakati huo hakuna faili hata moja la mchezo lililokwisha kufunguliwa, na ndiyo maana set ndiyo njia pekee ya kuiambia injini mafaili yenyewe yako wapi. Baada ya hapo injini hufungua folda za mchezo na kusoma mafaili matatu ya mipangilio kwa utaratibu huu: default.cfg, ambalo ni mipangilio ya kiwandani, q3config.cfg, ambalo mchezo wenyewe huliandika ili kukumbuka uliyochagua mara iliyopita, na autoexec.cfg, ambalo ni lako na mchezo hauligusi. Mafaili hayo yakishasomwa, injini hurudi kwenye mstari wako na kuyatekeleza tena maagizo yote ya set, ili neno lako la sasa lishinde lolote lililoandikwa kwenye mafaili. Ndipo huitenga kumbukumbu ya kufanyia kazi, ikafungua dirisha na kuanzisha kadi ya picha. Mwisho kabisa, mchezo ukiwa umesimama tayari, hutekelezwa yale maagizo mengine yote yasiyoanza na set, yakifuatana kama ulivyoyaandika.

Kutokana na mpangilio huo yanafuata mambo mawili. Kwanza, haidhuru uiweke set mwanzoni au mwishoni mwa mstari, kwa maana itatangulia tu. Lakini kwa amri kama map, connect na exec, utaratibu wa kuziandika ndio utaratibu wa kuzitekeleza. Pili, mpangilio unaohitajika kabla ya dirisha kufunguka hauna budi kuandikwa kwa set, na kwa set yenyewe. Hata seta, ambayo kwenye konsoli ni ndugu yake wa karibu, haichukuliwi katika ile awamu ya mwanzo.

Nilijifunza hili kwa gharama ya jioni nzima. Nilikuwa na kompyuta mpakato yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, nikaandika +r_mode -1 +r_customwidth 1366 +r_customheight 768 bila set. Mara ya kwanza mchezo ulifunguka kwa ukubwa uleule wa zamani. Nilipoufunga na kuufungua tena bila kubadilisha herufi hata moja, ukafunguka sawasawa. Nilidhani kompyuta ina hitilafu, kumbe kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa: r_mode, inayopanga ukubwa wa picha, ni miongoni mwa vigezo (mipangilio yenye majina) ambavyo hubadilika tu pale picha inapoanzishwa upya, na agizo langu lilifika dirisha likiwa limekwisha kufunguka. Injini iliipokea thamani mpya, ikaiweka kando isubiri, ikaiandika kwenye q3config.cfg, na mara ya pili ikaisoma kutoka huko. Konsoli huwa inatoa ujumbe kwamba r_mode itabadilika baada ya kuanzisha upya, lakini ujumbe huo hupita haraka na mimi sikuufungua ukurasa huo kuusoma.

Skrini

Njia rahisi zaidi katika ioquake3 ni kuandika +set r_mode -2, ambayo huuambia mchezo utumie ukubwa uleule wa dawati la kompyuta yako. Thamani kuanzia 0 hadi 11 ni za ukubwa uliopangwa tangu mwaka 1999: 3 ni 640 kwa 480, 4 ni 800 kwa 600, 6 ni 1024 kwa 768, na kadhalika. Thamani ya -1 inamaanisha kwamba utataja vipimo mwenyewe:

+set r_mode -1 +set r_customwidth 1366 +set r_customheight 768 +set r_fullscreen 1

Ukiweka +set r_fullscreen 0 mchezo utafunguka ndani ya dirisha, jambo ambalo ninalipendekeza wakati wowote unapojaribu mipangilio mipya, kwa sababu mchezo ukikwama ukiwa umejaza skrini nzima ni taabu kuufikia ujumbe wa hitilafu ulio nyuma yake. Kwenye kompyuta dhaifu au ya zamani, kigezo chenye tofauti kubwa kuliko vyote ni +set cl_renderer opengl1. ioquake3 ina vichoraji viwili, opengl1 na opengl2, na hicho cha pili huongeza mapambo ya mwanga ambayo kadi ndogo za picha hulemewa nayo. Nimeona mashine zilizokuwa zikisuasua zikawa nyepesi kabisa kwa agizo hilo moja.

Folda

Vigezo vitatu huamua mchezo unasoma na kuandika wapi, navyo haviwekwi kwa set kutoka kwenye konsoli. Ukijaribu, utajibiwa kwamba kigezo kimelindwa. Ndiyo maana mahali pake ni kwenye mstari wa kuanzishia.

Cha kwanza ni fs_basepath, folda ambamo mchezo umewekwa, yaani folda iliyobeba baseq3 ndani yake, si baseq3 yenyewe. Kosa la kutaja baseq3 moja kwa moja ni la kawaida mno, na matokeo yake ni mchezo kulalamika kwamba hauoni pak0.pk3, faili lenye picha, sauti na ramani za awali. Cha pili ni fs_homepath, folda ambamo mchezo huandika: mipangilio yako, picha za skrini, rekodi za mapambano, na ramani unazopakua. Kwa kawaida folda hii huwa ndani ya eneo la mtumiaji, na mafaili yaliyomo hutafutwa kabla ya yale ya fs_basepath. Ukitaka kuubeba mchezo mzima pamoja na mipangilio yako kwenye diski ndogo ya USB, ili uucheze kwenye kompyuta usiyoimiliki na usiache kitu nyuma, elekeza vyote viwili mahali pamoja:

ioquake3.x86_64.exe +set fs_basepath E:\quake3 +set fs_homepath E:\quake3

Jina la folda likiwa na nafasi ndani yake, lifunge kwa alama za kunukuu, na kwenye Windows usilimalizie kwa mkwaju wa nyuma kabla ya alama ya kufunga, kwa sababu mkwaju huo huifanya alama ihesabiwe kuwa sehemu ya jina.

Cha tatu ni fs_game, kinachotaja modi, yaani mchezo uliojengwa juu ya Quake III na wachezaji wengine. Modi ya CPMA huanzishwa kwa +set fs_game cpma, OSP kwa +set fs_game osp, na nyongeza rasmi ya Team Arena ya mwaka 2000 kwa +set fs_game missionpack. Folda ya modi hukaa kando ya baseq3, haiingii ndani yake. Jambo ambalo huwachanganya wengi ni kwamba kila modi hujiandikia q3config.cfg yake kwenye folda yake: mara ya kwanza hurithi mipangilio ya baseq3, lakini kuanzia hapo kila moja hushika njia yake, na ukibadilisha kasi ya kipanya kwenye mchezo wa kawaida, CPMA haitajua. Ndiyo maana mimi huweka njia ya mkato tofauti kwa kila modi, na mipangilio ninayotaka ifanane kote huiweka kwenye autoexec.cfg iliyomo baseq3, ambayo husomwa na kila modi isiyo na autoexec.cfg yake.

Ukitaka kuhakikisha folda gani hasa zinasomwa, fungua konsoli na uandike path. Injini itakuorodheshea zote, pamoja na kila faili la pk3 lililopatikana.

Kuingia seva, kufungua ramani

Kama kuna seva ambayo wewe na wenzako mnaitumia kila siku, hakuna haja ya kupita kwenye menyu. Agizo hili hukuingiza moja kwa moja, hata video ya utangulizi ikarukwa:

+set password nenolenu +connect 192.168.1.10:27960

Namba 27960 ndiyo mlango (port) wa kawaida wa Quake III kwenye mtandao, na usipoutaja injini huudhani huohuo. Ikiwa mlango huo umeshikwa, kwa mfano na nakala nyingine ya mchezo inayofanya kazi kwenye kompyuta ileile, injini hujaribu inayofuata, kwa hiyo seva ya pili huonekana kwenye 27961. Kuhusu neno la siri, kumbuka kwamba yeyote anayeifungua njia yako ya mkato atalisoma, basi usitumie neno unalolitumia mahali pengine popote.

Kwa kuwakaribisha wenzako kwenye mtandao wa ndani, mstari mmoja unatosha kuandaa pambano zima:

+set sv_hostname "Chumba Chetu" +set g_gametype 3 +set sv_maxclients 8 +set timelimit 15 +set bot_minplayers 4 +map q3dm7

Hapo g_gametype 3 ni pambano la timu. 0 ni kila mtu kivyake, 1 ni wawili wawili, na 4 ni kunyang'anyana bendera. Kigezo cha bot_minplayers hujaza nafasi kwa wapiganaji wa kompyuta hadi wanadamu watakapofika. Ukiwa unajifunza ramani peke yako, tumia +devmap badala ya +map, kwa maana hufungua ruhusa ya amri kama noclip, inayokupitisha kutani, na give all, inayokupa silaha zote.

Kumbukumbu ya kompyuta

Injini hutenga bonge moja la kumbukumbu wakati wa kuanza, na bonge hilo haliongezwi tena mpaka mchezo ufungwe. Katika misimbo iliyowekwa wazi mwaka 2005 lilikuwa megabaiti 56, na katika ioquake3 ni 128. Ramani kubwa zilizotengenezwa na wachezaji hulimaliza, na mchezo hukatika kwa ujumbe unaotaja Hunk_Alloc. Tiba yake ni +set com_hunkMegs 256.

Yasiyofaa kuwekwa hapa

Mistari inayosambazwa huwa imejazwa vigezo kama rate, snaps, cl_maxpackets, sensitivity na com_maxfps. Vyote hivyo hubadilika wakati wowote mchezo ukiendelea, na mahali pake panapofaa ni autoexec.cfg, ambapo unaweza kuviandika kimoja kwa kila mstari na kuvisoma bila kuumiza macho. Mfano mzuri ni com_maxfps 125, kikomo cha fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, thamani inayoonekana kila mahali. Ina sababu ya kweli: injini hupima muda kwa milisekunde kamili, fremu 125 kwa sekunde huifanya kila fremu iwe milisekunde 8 barabara, na namna hesabu za mwendo zinavyokadiriwa kwa kipimo hicho humpa mchezaji mruko wa juu kidogo. Lakini iwe kwenye mstari wa kuanzishia au kwenye faili, matokeo ni yaleyale, hivyo acha mstari ubaki mfupi.

Usichanganye autoexec.cfg na faili unaloliita kwa +exec. La kwanza husomwa kabla ya dirisha kufunguka, na r_mode iliyomo humo itafanya kazi. La pili husomwa mwishoni, baada ya kila kitu, na r_mode iliyomo humo itakuletea yaleyale yaliyonikuta mimi.

Kuna jambo jingine la kuzingatia kabla ya kujaribu thamani ngeni. Vigezo vingi vya picha na sauti huhifadhiwa. Ukiandika +set r_mode 4 leo, kisha kesho ukalifuta agizo hilo kwenye njia ya mkato, mchezo utaendelea kufunguka kwa 800 kwa 600, kwa kuwa thamani imekwisha kuandikwa kwenye q3config.cfg. Kufuta agizo hakurudishi hali ya awali. Ni lazima uitaje thamani unayoitaka.

Mchezo unapokataa kufunguka

Anza na sauti na picha, moja baada ya nyingine. +set s_initsound 0 huufungua mchezo bila sauti kabisa. Ukifunguka hivyo, jaribu +set s_useOpenAL 0, inayorudisha mfumo wa sauti wa zamani. Kwa upande wa picha, tumia +set r_fullscreen 0 +set r_mode 3 +set cl_renderer opengl1, mseto ambao karibu kila kadi huumudu.

Kama hayo hayakusaidia, ongeza +set developer 1 +set logfile 2. Injini itaandika kila inachofanya kwenye faili la qconsole.log ndani ya folda ya fs_homepath, tena papo kwa papo, kiasi kwamba hata mchezo ukianguka ghafla mistari ya mwisho itakuwa imekwisha kuandikwa. Isome kuanzia chini kwenda juu. Faili lisilopatikana, kichoraji kilichokataa, folda iliyotajwa vibaya: vyote hutajwa humo kwa majina yake.

Hatua ya mwisho ni +safe, ambayo huifanya ioquake3 iruke q3config.cfg na autoexec.cfg na kuanza na mipangilio ya kiwandani. Kabla ya kuitumia, nakili q3config.cfg yako mahali pengine, kwa sababu mchezo ukifunguka kwa njia hiyo utaandika mipangilio hiyo mipya juu ya ile ya zamani, na vitufe ulivyovipanga kwa miaka vitapotea. Mchezo ukisimama, ufunge, fungua ile nakala kwa kihariri cha maandishi, na urudishe kwanza mistari ya bind, inayopanga vitufe, kisha ya kipanya, kisha ya picha, ukiujaribu mchezo kila baada ya kundi moja, hadi utakapofika kwenye kundi linaloukwamisha.